Kutoboa Paa

Miaka ishirini na mitatu nimelipwa kuziba.
Lami, silikoni, kipande cha ndara chini ya msumari,
chochote cha kuzuia tone.
Leo Siprosa wa Nyalenda ananilipa nitoboe.

Paa lenyewe nililiezeka mimi.
Mabati kumi na manane, geji thelathini,
marehemu Oguta akiwa pale chini
ananihesabia misumari kwa sauti:
"Ongeza, fundi. Nyumba isivuje hata chozi."
Haikuvuja. Haikuvuja maji, haikuvuja moshi,
haikuvuja pumzi.
Saa nane mchana inageuka sufuria iliyofunikwa,
na mabati yanajinyoosha, ta, ta,
kama mtu anayetaka kuamka akashindwa.
Cherehani Siprosa huisogeza nje, chini ya mwavuli.
Mama mkwe hasogezeki.

Jana nilianza chini: matofali manne nikayang'oa
karibu na sakafu, nikaweka wavu wa mbu.
Hewa haitoki ilipokatazwa kuingia.
Leo napanda kabla jua halijakomaa,
bati likiwa bado linashikika.
Nagonga kwa ngumi nisikie pao limelala wapi,
nachora duara kwa penseli, hatua moja kutoka mgongo wa paa,
na patasi inapogusa, mkono unasita.
Mkono una kumbukumbu zake.
Umeapa kwa Oguta.

Nikapiga.
Bati likalia kama mbuzi hadi mkasi ukamaliza kuzunguka.

"Fundi!"
Nikachungulia.
Mwanga ulikuwa umenipita, umetua kitandani,
duara moja, kubwa kama sinia,
na Dani Peresia ameutilia kiganja.
Akakigeuza: upande wa mishipa,
kisha upande wa mistari.
Tangu mvua za vuli, nyonga ilipovunjika,
jua amelijua kwa joto tu.
"Hili la saa ngapi?"
"La saa tatu, Dani."
"Saa tatu," akasema, "mimi nilikuwa nimeshauza
nusu gunia la omena."

Kazi iliyobaki ni kofia.
Kichwa cha alumini, mbavu zimepindwa
ili upepo ukikishika kizunguke, kivute joto kutoka ndani.
Shingo yake, mpira wake, skrubu nane.
Nilikuwa nimekiinua tayari.
Nikakiweka pembeni,
nikajifanya natafuta skrubu
zilizokuwa mfukoni mwangu zinanichoma paja.
Duara likatambaa, kiganja, kifundo, mkunjo wa blanketi.
Siprosa, mlangoni, aliutazama mfuko wangu uliovimba.
Akarudi kushona.

Kisha nikafunika.
"Umelizima," Dani akasema.
Nikamwambia nimembadilishia, nimempa upepo.
Jibu la kijinga, lililotoka tu.
Lakini saa tisa pumzi ya ziwa ilipopanda kutoka Dunga,
kofia ikajikohoza, ikazunguka,
na pazia la dirisha, ambalo sijawahi kuliona likitikisika,
likavutwa ndani kama ulimi.

Usiku ikanyesha. Si mvua, mawe.
Mimi huku Manyatta, chini ya bati langu,
nilihesabu skrubu nane, moja moja, hadi alfajiri.
Ya tano niliikaza?
Nikaenda mikono mitupu, kama mtu apitaye tu.
"Paa vipi?"
"Paa liko juu," Siprosa akajibu. "Na mia tatu zako
ziko Ijumaa."

Ndani sakafu ilikuwa kavu.
Dani alikuwa amelala, mdomo wazi, blanketi limemfika kidevuni,
blanketi, Nyalenda, mwezi wa pili.
Na kile kipande nilichokikata
kinafunika mtungi wake wa maji.
Nilikuwa nimepinda kidogo upande mmoja.
Kutoka juu sikuona.